Gari la Kumsikilizia Mjomba

Sogea karibu kidogo, wewe uliyekua zama za kaseti, maana wa rika letu ndio mtakaonielewa upesi. Juzi niliegesha gari langu nje ya soko la Malindi nikachomeka waya wa kuchajia simu. Mara nikasikia mlio mdogo kama wa mafuta yanayopata maji, kisha uzi wa moshi ukapanda mbele ya dashibodi. Nilichomoa waya, nikafungua milango yote, na badala ya kushuka nikabaki nimekaa, nimefumba macho. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua na shaba iliyopata moto. Uiongezee asumini, nayo inakuwa harufu ya nyumba ya bibi yangu.

Bibi, mzaa mama yangu, alizaliwa visiwani upande wa kaskazini, akaolewa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba ya kuta nene iliyokuwa bado haijaingizwa umeme. Babu alipofariki, mwanawe wa kiume, Mjomba Salim, alikwenda Arabuni kutafuta riziki, nyumba ikabaki ya wanawake, mwanamume mtu mzima akiwa Baba yangu peke yake. Bibi hakujua kusoma, na hakupenda maneno ya mwanawe yapitie kinywa cha mtu mwingine kabla hayajamfika yeye. Mjomba alilijua hilo. Kwa hiyo akatuma redio ya kaseti kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani, na tangu hapo barua zake zikawa kaseti. Alijirekodi anazungumza, akazifunga kwenye karatasi ya zawadi pamoja na vipande vya ubani, nasi tukamsikia.

Shida ilikuwa umeme. Betri ndogo za redio zilivuja mwaka wa kwanza, na hewa ya chumvi ikamalizia kuzila springi zake. Lakini redio ile ilikuja na waya wake wenye kichwa cha kuchomeka kwenye gari, pale kwenye tundu la laita, ambapo wavutaji walikuwa wakiwashia sigara. Baba yangu alikuwa na gari. Hakuvuta sigara, wala Bibi asingekubali mtu avute mle ndani. Basi soketi ile ikawa ya Mjomba.

Ilikuwa na utaratibu wake. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba, gari liliishia kwenye mlango wake wa kutokea barabarani. Bibi alivaa buibui lake kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa, akakaa kiti cha mbele. Mama yangu na mdogo wake, Mama mdogo Zuhura, walikaa nyuma, na mimi katikati yao, magoti yangu yakigusa breki ya mkono. Baba alichomeka waya, akawasha, kisha akashuka na kusimama mbali kidogo, kwa heshima ya mama mkwe. Gari halikuondoka. Safari ilikuwa ni hiyo hiyo.

Mjomba alimjua mama yake vizuri. Alisema, "Shikamoo, mama," kisha akanyamaza, na ndani ya kimya kile Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akasema, "Mguu umepoa?" akanyamaza, na Bibi akamweleza habari za mguu. Pengine Bibi alizidisha maelezo, Mjomba akaanza jambo jingine kabla hajamaliza, naye akamkatiza: "Ngoja kwanza, Salim, sijamaliza." Mama na Mama mdogo waliuma leso zao wasicheke.

Mimi nilikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza nimeanza kuhesabu vizuri madrasa, na niliyaona mambo kwa akili yangu. Baba akichomeka, Mjomba anasema. Akichomoa, Mjomba ananyamaza. Kwa hiyo Mjomba alikuwa ndani ya lile tundu. Arabuni, kwa fahamu zangu, kulikuwa mle ndani, mahali penye giza na joto, na ndiyo maana watu walisema kule jua ni kali. Tena tundu lilinukia vizuri. Bibi hakuweza kuona kitundu kitupu kikakaa bure, basi kila siku ambayo hatukumsikiliza Mjomba alipachika mle kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na rehani ambacho wanawake wa kwetu hujipamba nacho. Alikinyunyizia marashi kisikauke. Gari zima likanukia kama chumba cha bi harusi, na wenzake Baba walimtania kwamba akipita barabarani wanadhani kuna harusi. Mimi niliona ni haki Mjomba kupewa hewa nzuri.

Sasa nikwambie jambo lililokuwa moyoni mwa nyumba nzima wakati ule. Mama mdogo Zuhura alikuwa ameposwa. Alikuwa mshonaji, akishona foronya na mapazia ya hoteli za Watamu, na aliyemposa alikuwa Athmani, fundi wa umeme wa magari aliyekaa mtaa wa Kisumu Ndogo. Wazee wake walikuja kwa adabu, wakasema lao, wakaambiwa warudi Ijumaa baada ya sala. Bibi hakuwa ameridhika. "Mikono ile haitakati," alisema. "Na babu yake ni nani? Nikiulizwa nitasema nini?" Lakini Babu hakuwapo, na mwenye kumwozesha Zuhura alikuwa kaka yake. Jibu lilikuwa la Salim. Bibi alikwisha kumpelekea habari, na sote tukawa tunangoja kaseti.

Ikafika mwanzoni mwa wiki ile ile ya Ijumaa. Alasiri tuliingia garini. Mjomba akaamkia, akauliza mguu, akauliza mvua, akamtania Mama kuhusu unene wake. Kisha akasafisha koo. "Sasa, mama, hili jambo la Zuhura. Nimelifikiri sana. Mimi naona..."

Sauti ikaanza kuwa nzito. Ikajivuta, ikajivuta, kama mtu anayelala huku anaongea, ikazama.

Bibi alingoja. Alidhani ni kile kimya chake cha siku zote, akaitikia kwa upole, "Ehe, mwanangu, unaona nini?" Tukangoja naye. Baba, aliyeona mambo yamekaa vibaya, alikuja akatikisa kile kichwa cha waya mle tunduni, na hapo ndipo moshi ulipotoka, na ile harufu, asumini iliyoungua pamoja na plastiki. Kukawa kimya kweli.

"Amekataa," Bibi alisema. "Hata ulimi wake umekuwa mzito kulisema."

"Mama, kaka amenyamaza," Mama mdogo Zuhura alisema kutoka nyuma. "Hakukataa."

"Na wewe tangu lini unamsemea kaka yako?"

Mama mdogo aliichukua foronya aliyokuwa nayo mapajani akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Baba alisema redio yenyewe ni nzima, ni soketi iliyokufa, na wako majirani wenye umeme ambao wangeweza kutusaidia. Bibi alimtazama kama aliyemwambia atoe kitanda chake nje. Jibu la nyumba yake lisikilizwe na kina jirani kabla yake? Akaitoa kaseti kwenye redio, akaifunga pembeni mwa leso yake kwa fundo gumu. "Ikifika Ijumaa sijamsikia Salim," alisema, "wale wazee nitawajibu mimi." Na jibu lake kila mtu alilijua.

Kwa hiyo soketi ilitakiwa itengenezwe. Mafundi wa umeme wa magari walikuwa wawili mjini siku hizo, na mmoja alikuwa amekwenda Mombasa msibani.

"Amebaki nani?" Bibi aliuliza.

Baba alitazama viatu vyake. "Amebaki yule, mama."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Bibi alilikaza lile fundo la leso. "Basi mposaji aje alichokore jibu lake mwenyewe kwa bisibisi. Haya. Dunia imekwisha." Kisha akaweka masharti. Atafanyia kazi nje, kule kule barabarani. Kaseti itabaki kwenye leso yake. Zuhura asionekane hata dirishani. Na mimi nitakaa ndani ya gari nimtazame. "Akigusa redio tu, niite."

Kesho yake asubuhi Athmani alikuja kwa baiskeli, sanduku la vyuma limefungwa nyuma. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, na nilitazama mikono yake mara moja. Kucha zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikawa nyekundu pembeni, lakini weusi wa mafuta ulikuwa umebaki kwenye mistari ya viganja. Alisimama mbali na dirisha la Bibi, lile lililotazama barabara, akaamkia, na sauti ya Bibi ikaitikia kutoka nyuma ya pazia, fupi.

"Wewe ndiwe askari wangu?" aliniuliza.

"Ukigusa redio ninaita."

"Vyema. Basi nitakwambia kila ninachokifanya, usije ukaita bure."

Na alinieleza kweli, neno kwa neno, na ndiyo maana mpaka leo ninaijua kazi ile. Alifungua boneti kwanza, akalegeza waya hasi wa betri, ule mweusi wenye alama ya kutoa, akausukuma pembeni. "Sasa gari limelala. Lolote nitakaloligusa halitashtuka, wala mimi." Akatafuta fyuzi, akanionyesha kile kiuzi cha ndani kilivyokatika. Akaniambia fyuzi huungua ili gari lisiungue, na mtu akiizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya kununua nyingine, amemfukuza mlinzi akaacha mlango wazi.

Mimi nilikuwa na langu. Tangu jana yake nilikuwa nimekwisha kupata hakika kwamba mwenye kufunga zile waya ndiye anayempa Mjomba maneno. Akizifunga vizuri, Mjomba atasema ndiyo. Akikosea, hata kidogo, atasema hapana. Nilimpenda Mama mdogo Zuhura kuliko mtu yeyote, na nilimsikia usiku akigeuka geuka kitandani. Kwa hiyo alipoanza kufungua kibao cha dashibodi nilishikwa na hofu, nikasema, "Fanya polepole. Utamuumiza."

"Nani?"

"Mjomba."

Hakucheka. Aliweka bisibisi chini. "Mjomba wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Aah," alisema. Akafikiri. "Humu hapiti mtu. Hupita umeme tu, kama maji kwenye mfereji. Sauti iko kwenye kaseti, na kaseti anayo Bibi. Alichokisema mjomba wako alikisema kitambo, akiwa kwake. Mimi siwezi kukiongeza wala kukipunguza."

"Hata ukitaka?"

Alichukua tena bisibisi. "Hata nikitaka," alisema, na sauti yake haikuwa ya kunifundisha tena.

Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu likidondokea mkeka wa gari. Nikamwambia nitamletea maji. Akatikisa kichwa. "Bado siruhusiwi maji ya nyumba hii." Nilidhani amefunga, au maji ya kisima chetu hayampendezi, nikaudhika kidogo. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwetu mposaji hanywi wala hali kitu cha nyumba ile mpaka ajibiwe. Na nyumba ikimpelekea maji, imekwisha kumjibu.

Alipitisha mkono nyuma ya dashibodi, akalegeza pete iliyoishika soketi, akaivuta kwa mbele na waya zake mbili. Akanionyesha: huu wa katikati ndio unaoleta umeme, huu wa ubavuni ndio unaourudisha, na hizi mbili hazitakiwi kugusana kamwe. Kisha akachungulia ndani ya soketi, akachukua kipande cha waya mwembamba, akachokoa. Kikatoka kitu cheusi, kimegandamana. Akakifungua kiganjani. Vilikuwa vijani vya rehani, maua ya asumini yaliyokuwa kama majani ya chai, na uzi mwembamba wa shaba wa kufungia maua uliolowa, ukaota kutu ya kijani, ukaungua. Maji ya marashi na maua mabichi, wiki baada ya wiki, yalikuwa yameila ile shaba ya katikati mpaka umeme ukawa unapita kwa shida. Baba alipotikisa, ule uzi ukaziunganisha zile pande mbili zisizotakiwa kugusana.

Athmani alivinusa. Akalitazama dirisha la Bibi, akanitazama mimi. Akatoa kipande cha gazeti mfukoni, akavifunga, akakirudisha mfukoni.

Soketi nyingine alikuwa ameitoa kwenye gari bovu. Aliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akausugua na mwisho wa kila waya, akaufunga wa katikati katikati na wa ubavuni ubavuni, akauvuta kila mmoja kidogo kuona kama umeshika. Akaweka fyuzi mpya ya kiasi kile kile cha ile ya zamani. Waya wa betri aliurudisha mwisho wa yote. Kisha akaingiza taa yake ndogo ya kupimia, nayo ikawaka njano, nikapiga makofi.

"Ilikuwa nini?" sauti ya Bibi iliuliza kutoka dirishani.

"Kutu, mama. Hewa ya chumvi hii. Magari yote ya mji huu yana ugonjwa huo."

Mimi nilikuwa askari mwaminifu. "Si chumvi, Bibi," nikasema kwa sauti. "Yalikuwa maua yako. Ameyaficha mfukoni."

Athmani aliinamia sanduku lake akaanza kupanga spana zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Pazia halikutikisika. Niliona kwamba nimesema jambo kubwa, lakini sikujua ni kubwa kwa nani.

Alimwambia Baba atakaa kule mwisho wa barabara, penye ukuta, mahali asipoweza kusikia, ili soketi ikileta matata aitwe. Akaisukuma baiskeli yake mpaka pale, akachuchumaa.

Bibi alitoka na buibui lake. Alikaa, akafungua lile fundo la leso, na vidole vyake vilichelewa kulifungua. Mama na Mama mdogo wakaingia nyuma. Baba akachomeka, akarudisha ukanda nyuma kidogo, akashuka.

"...jambo la Zuhura. Nimelifikiri sana. Mimi naona, mama, niko mbali. Huyo kijana simjui, wewe unamwona. Kama ni mtu wa kukusitiri wewe, atamsitiri na ndugu yangu. Likikuridhi wewe na likamridhi Zuhura, na mimi nimeridhi, na hii ndiyo idhini yangu. Muulize Zuhura mwenyewe." Kisha akanyamaza, kama kawaida yake, ili mama yake aitikie.

Bibi hakuitikia. Aliligeukia lile tundu, akaitazama ile soketi iliyong'aa, muda mrefu. Mjomba akaendelea na habari za bei ya mchele kule aliko, hakuna aliyemsikiliza. Ndipo Bibi akageuza kichwa nyuma.

"Umemsikia kaka yako?"

Mama mdogo Zuhura alijifunika leso usoni. Hakusema neno. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na mimi nikajua basi, yameharibika, Athmani alikosea waya mmoja, Mama mdogo hamtaki na Mjomba amekwisha kuhamia habari nyingine. Nikaanza kulia.

"Na wewe unalilia nini?" Bibi alisema. "Nyamaza. Nenda ndani ukachote maji ya mtungini, yale ya baridi. Tumia ile bilauri ya Babu yako. Mpelekee yule kijana pale ukutani, amekaa juani tangu asubuhi."

Niliibeba ile bilauri kwa mikono miwili, nikitazama maji badala ya njia. Athmani aliniona nikija, akasimama. Nilipompa hakuipokea mara moja.

"Nani amekutuma?"

"Bibi."

Ndipo akaipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, hakupumua. Kisha akaniomba nimshukuru Bibi, na tena akaniomba nisiseme kama nilimwona anajifuta macho. Hilo nimelinyamazia mpaka leo.

Tangu siku ile Bibi hakuweka tena kikuba garini. Hakulizungumza, wala Athmani hakulitaja. Lakini kila alipokuja kututazama, miaka yote ya ndoa yake, Bibi alimpa kikuba kimoja kimefungwa kwenye gazeti, "kampe mkeo," naye alikipokea kwa mikono miwili na kukitia mfukoni, mfuko ule ule.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama mdogo Zuhura yupo, na juzi nilipompigia simu kumweleza habari za moshi alicheka, kisha akaniuliza kama nimeulaza ule waya mweusi wa betri kabla ya kushika kitu. Nilikuwa nimeulaza. Soketi nimeibadilisha mwenyewe, nje ya nyumba yangu, mchana kweupe.

Nawe unaweza. Anza kwa kutoa waya hasi wa betri na umalize kwa kuurudisha, wa katikati ufunge katikati, wa ubavuni ubavuni, na fyuzi iwe ya kiasi kile kile. Soketi ikiwa haina kazi, izibe kwa kizibo chake. Na kama ni fundi aliyekufanyia, mpelekee maji kwa mkono wako kabla hujawasha gari.